Kitunguu Saumu: Dawa au Hirizi?

Swali moja huletwa mara nyingi mbele ya wachungaji na wainjilisti, tena huletwa na watu wa namna mbili wasiopatana. Wa kwanza huuliza: Je, si halali Mkristo kumfungia mtoto wake punje ya kitunguu saumu katika nguo, au kuiweka chini ya mto wake, ili jicho baya na wachawi wasimpate? Maana kitunguu ni mmea tu, na mimea yote imeumbwa na Mungu. Wa pili husema: Mimi nimekiacha kabisa kitunguu hicho, hata katika mchuzi sikitii, kwa kuwa waganga hukitumia katika mambo yao ya giza. Watu hawa waonekana kama wako mbali, mmoja mashariki na mwingine magharibi. Lakini kwa kweli wamesimama mahali pamoja. Kila mmoja atafuta wema au ubaya ndani ya kitunguu chenyewe. Sisi twataka kuonyesha ya kuwa haumo humo. Umo katika jambo tunalolitaka kwa kitunguu, na katika yale tunayomtendea jirani kwa ajili yake.

Imetupasa kwanza kukijua kitu chenyewe, kwani asiyekijua kitu hawezi kukihukumu. Jina lake huwatia wengine mashaka, wakidhani kwamba kitunguu hiki kina habari ya kufunga, kwa ajili ya neno saumu. Sivyo. Neno hili latoka katika jina la mmea huu kwa Kiarabu, na watu wengi wa pwani hata leo husema kitunguu thomu. Asili yake ni nchi za Asia ya Kati, na watu wamekipanda tangu zamani sana. Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyekufa zaidi ya miaka 1,300 kabla ya Kristo, lilipogunduliwa mwaka 1922, vitunguu saumu vilivyokauka vilikutwa humo pamoja na hazina za dhahabu. Nao wana wa Israeli walipochoka na mana jangwani, kitunguu saumu kilikuwa kimojawapo cha vyakula vya Misri walivyovililia, kama tusomavyo katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 11. Katika Tanzania hulimwa sana Mbulu, katika mkoa wa Manyara, na magunia yake hupelekwa masoko ya mbali. Basi si mmea wa waganga. Ni mmea wa jikoni wa mataifa mengi.

Nguvu yake ni ya kweli, wala si vema kuikana. Kitunguu kizima kikiwekwa mezani hakinuki sana. Lakini kikipondwa au kikitafunwa, mara harufu yake kali hutoka. Sababu yake ni hii. Ndani ya punje mna vitu viwili vilivyotengwa, kama watu wa nyumba moja waliotiwa katika vyumba mbalimbali. Kisu au meno yabomoapo kuta zile nyembamba, vitu hivyo hukutana na kufanya kitu cha tatu, ambacho wataalamu hukiita alisini. Mwaka 1944 Chester Cavallito na John Bailey wa Marekani waliandika jinsi walivyokitenga kitu hicho, na kuonyesha ya kuwa huzuia vijidudu vya maradhi visikue. Mmea wenyewe hukitumia kwa kujilinda na wadudu na ukungu. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918 maji ya kitunguu saumu yalitumiwa kusafishia vidonda vya askari. Tena majaribio ya siku hizi yameonyesha ya kuwa chaweza kupunguza kidogo shinikizo la damu kwa wale ambao shinikizo lao limepanda.

Lakini nguvu ya kweli ina mipaka ya kweli. Kitu kiuacho vijidudu katika kisahani cha maabara si lazima kiviue katika damu ya mtu, maana kabla ya kufika huko hupita tumboni na kubadilika. Moto wa jikoni nao hupunguza nguvu ile. Tena kitu chenye nguvu ya kufaa kina nguvu ya kudhuru. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi ya mtoto mchanga chaweza kumwunguza hata akafanya malengelenge kama ya moto. Akilaye kwa wingi damu yake huweza kuchelewa kuganda, kwa hiyo matabibu huwaonya wanaongoja kupasuliwa, na wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande. Haya yote twayajua kwa sababu watu walikiuliza kitunguu maswali, wakangoja jibu, nao wakakubali jibu hata lilipokuwa kinyume cha matumaini yao. Tafadhali msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia.

Sasa tutazame upande wa pili. Wayunani wa kale walikiweka kitunguu saumu njia panda, kwa ajili ya mungu wao wa kike aliyeitwa Hecate, bibi wa usiku na wa mizimu. Katika Romania, nchi ya Wakristo tangu karne nyingi, watu vijijini walikuwa na desturi ya kukipaka milangoni na madirishani usiku wa kuamkia siku ya Mtume Andrea, tarehe 30 Novemba, ili wafu wasiotulia wasiingie nyumbani. Huku kwetu wako wanaokifunga nguoni mwa mtoto, wako wanaokichoma ili moshi wake ufukuze majini, na wako wanaokitia mfukoni waendapo safari au barazani. Pwani mvuje hutumiwa kwa namna iyo hiyo, umefungwa katika kitambaa cheusi mkononi mwa mtoto. Haya twayataja ili mtu asidhani kwamba ni ujinga wa Mwafrika peke yake. Hofu ya usiku ni ya wanadamu wote, na ubatizo peke yake, bila mafundisho, haukuiondoa huko Ulaya wala hapa.

Wala tusiwacheke waliofikiri hivyo. Walikuwa na hoja. Waliona kwamba harufu ya kitunguu hufukuza wadudu, nayo huwafanya hata watu wageuze nyuso. Wakasema: kifukuzacho kinachoonekana, huenda chafukuza na kisichoonekana. Ni hatua moja tu, nayo yaonekana ndogo. Lakini katika hatua hiyo ndipo njia zinapoachana. Mdudu akija ijapokuwa kitunguu kipo, twamwona, na twajua ya kuwa tumekosa. Jicho baya likija, nani atalihesabu? Mtu amevuka kutoka nchi yenye mizani, akaingia nchi isiyo na mizani.

Katika Maandiko tuna mtu mmoja ambaye habari zake zatufundisha jambo hili vizuri, naye ni mfalme Hezekia. Alipougua jipu hata akakaribia kufa, alimwomba Mungu kwa machozi, na nabii Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu, naye akapona. Tini zilikuwa matunda ya kila siku, kama kitunguu saumu kwetu. Mfalme hakusema, Nimeomba, sina haja na tini. Lakini mfalme yuyo huyo, tusomavyo katika Wafalme wa Pili, mlango wa 18, ndiye aliyemvunja nyoka wa shaba, ambaye Musa alimfanya jangwani kwa amri ya Mungu mwenyewe, na ambaye watu waliumwa na nyoka, wakamtazama, wakaishi. Kwa nini alimvunja? Kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Angalieni basi: tini hazikuwa na historia takatifu, naye alizipokea, nyoka wa shaba alikuwa na historia takatifu kupita vyote, naye alimponda. Hakupima kitu kwa asili yake. Alipima kwa jinsi watu walivyokishika. Mkono ule ule uliopokea dawa ulivunja hirizi, wala mkono huo haukujipinga.

Je, sisi tutapimaje? Maana kitunguu ni kimoja, na mara nyingi hata mama mwenyewe hajui kama amekitumia kwa dawa au kwa hirizi. Twaona alama tatu ambazo zaweza kumsaidia mwinjilisti na kila mwenye nyumba.

Alama ya kwanza ni hii: dawa hukubali kuulizwa, bali hirizi haikubali. Tuchukue mfano wa mmea mwingine, pakanga wa China, ambao watu wa huko waliutumia kwa homa tangu zamani. Karibu na mwaka 1970 mama mmoja mtaalamu, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria. Aliujaribu mmea huo, na majibu yakawa mara mazuri, mara mabaya. Hakusema, Mababu hawawezi kukosea. Wala hakusema, Mababu walikuwa wajinga. Alisoma tena maandiko ya kale, akaona ya kuwa wao waliuloweka mmea katika maji wala hawakuuchemsha, akafahamu kwamba joto huenda lauharibu. Akabadili njia, na mwaka 1972 dawa ikapatikana. Dawa mseto ambayo Tanzania ilianza kuitumia kwa malaria mwaka 2006 yatokana na mmea huo, na mwaka 2015 mama huyo alipewa tuzo ya Nobel. Hivi ndivyo majani yalivyo dawa: yaliulizwa, yakajibu, yakasahihishwa.

Tuseme sasa juu ya hirizi. Mtoto amefungiwa kitunguu, kisha ameugua. Je, mganga husema, Basi kitunguu hakifai kwa kazi hii? La, hasemi hivyo kamwe. Husema: kilifungwa vibaya, au kiliguswa na mtu asiye safi, au adui ameongeza nguvu, sharti uniletee kuku. Mtoto akiwa mzima, hirizi imeshinda. Mtoto akiugua, mwingine ana hatia. Kitu kisichoweza kushindwa hakiwezi kutufundisha neno lolote. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, watu wengi, hapa kwetu na katika nchi nyingine, walikila kitunguu saumu wakitumaini kukingwa. Shirika la Afya Duniani lilijibu kwa upole ya kuwa ni chakula kizuri, nacho huenda kina nguvu juu ya vijidudu vingine, lakini hapakuwa na ushahidi kwamba kimemkinga mtu na ugonjwa ule. Aliyekila kama chakula, akanawa mikono na kuwaangalia wazee wake, hakupotewa na kitu. Aliyekila akaona amekwisha kukingwa, akaingia katikati ya watu bila hadhari, huyo alikuwa amevaa hirizi, ijapokuwa hakuna mganga aliyemfungia.

Alama ya pili ni kubwa kuliko zote, nasi twaomba isomwe polepole. Dawa hutafuta ugonjwa. Hirizi hutafuta mtu. Mama akimpeleka mtoto zahanati, muuguzi huuliza: Homa ilianza lini? Ametapika? Hulala katika chandarua? Maswali yote ni juu ya mwili wa mtoto. Lakini akienda kwa mpiga ramli, swali ni moja: Nani akuchukiaye? Na mama, kwa kuwa ana hofu, huanza kuwaza nyuso za watu. Hawazi nyuso za mbali, maana walio mbali hawajui hata jina la mtoto. Huwaza wifi aliyegombana naye wakati wa mavuno, au mke mwenzi wa mama mkwe, au bibi mjane anayekaa peke yake kando ya njia. Watu humtajia methali, Kikulacho ki nguoni mwako, naye huipokea kama hukumu ya mahakama.

Twaweza kusema: lakini yeye hakumtaja mtu, alifunga punje moja tu ya kitunguu. Ni kweli kwamba hakumtaja kwa kinywa. Lakini kijiji kizima chaifahamu lugha hiyo. Mtoto hafungiwi kitunguu kwa ajili ya mbu. Amefungiwa kwa ajili ya mtu, na mtu huyo lazima awe miongoni mwa wale wanaoingia nyumbani. Bibi mjane ajapo kusalimu, akanyoosha mikono ampakate mtoto, huisikia harufu ile, na mama humwondoa mtoto upesi akisema, Analala. Bibi hushusha mikono. Hapana tusi lililosemwa, hapana kesi itakayopelekwa kwa wazee wa kanisa. Lakini bibi amekwisha kushitakiwa, amehukumiwa, naye hana mahali pa kujitetea. Sisi Walutheri twajifunza tangu utoto katika amri ya nane tusimshuhudie jirani uongo. Twafikiri ushuhuda wa uongo hutolewa kwa ulimi tu. Kumbe hata punje ya kitunguu yaweza kuutoa.

Nako kushitaki huku hakukomi mlangoni. Katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria wanawake wazee wengi wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, hasa katika miaka ya tisini na ile iliyofuata. Na mara nyingi ushahidi uliotajwa ulikuwa macho yao mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni, maana wamewapikia watoto na wajukuu kwa kuni miaka 50. Walichokipata kwa kuwatumikia watu wa nyumbani kilifanywa kuwa alama ya kuwachukia. Mwezi wa Januari mwaka 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli, nayo yalikuwa na jina ambalo watu waliipa kazi yao: ramli chonganishi. Ni jina la kweli sana. Uovu wa ramli hauko katika vibao na kauri. Uko katika kuwachonganisha watu wa nyumba moja. Hatusemi kwamba kila mama afungaye kitunguu ni mwuaji, hasha! Lakini kati ya kitunguu nguoni na panga usiku pana njia moja, nayo huanza kwa kumwona jirani kuwa ndiye ugonjwa. Amri ya nane ikivunjwa kimya kimya, amri ya tano hukaa karibu.

Alama ya tatu: dawa hukubali kusaidiwa na kutoka katika mkono wo wote, bali hirizi hutaka kuwa peke yake. Hapa twaona jambo la kushangaza, ya kuwa hirizi yaweza kuwako hata pasipo mizimu wala ramli. Katika Afrika Kusini, Manto Tshabalala-Msimang, aliyekuwa waziri wa afya tangu 1999 hata 2008, alisifu kitunguu saumu, malimau, na viazisukari katika habari ya UKIMWI, huku akizitilia mashaka dawa za hospitali. Mwaka 2006, katika mkutano mkuu wa UKIMWI huko Toronto, vyakula hivyo viliwekwa katika banda la nchi yake, hata ulimwengu ukastaajabu. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria kwamba watu zaidi ya 330,000 walipoteza maisha katika nchi ile kati ya 2000 na 2005, kwa sababu dawa hazikupelekwa kwao mapema kama ilivyowezekana. Hatusemi kitunguu ndicho kilichowaua. Kitunguu hakina hatia. Waliuawa na kukawia, na kitunguu kiliwekwa kuwa pazia la kukawia huko. Tena mwaka 2001 uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa karibu nusu kiasi cha saquinavir, dawa mojawapo ya UKIMWI, katika damu ya watu. Kwa hiyo hata ahadi ya kwamba hakidhuru si ya kweli kila mahali.

Wala tusiende mbali hata Afrika Kusini, tukasahau nyumba yetu. Mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021, aliwanywesha watu kikombe cha maji ya mizizi ya mti wa porini kwa shilingi 500, akisema kwamba Mungu amemfunulia katika ndoto. Maelfu walimwendea, magari yakapanga mstari wa kilometa nyingi. Wagonjwa mahututi walitolewa hospitalini wakapelekwa huko, na wako waliokufa njiani kabla ya kukifikia kikombe. Hatuihukumu nia yake, kwa kuwa mioyo yapimwa na Mungu. Lakini twaangalia alama. Mti ule humea katika nchi nyingi. Ila watu waliamini kwamba kikombe hakina nguvu kisipotoka katika mkono wa mtu mmoja. Wengine wakafikiri kwamba aliyekunywa hana haja tena ya dawa zake. Hapo mizizi, iwe na kitu cha kufaa au isiwe nacho, ilikuwa imekwisha kutoka katika jamii ya tini za Hezekia na kuingia katika jamii ya nyoka wa shaba.

Twajua neno ambalo msomaji mwenye akili atatujibu. Atasema: Nanyi wachungaji je? Mwawaombea wagonjwa, mwaweka mikono, wengine hupaka mafuta. Hayo nayo hayana mizani. Mgonjwa akipona mwasema Mungu amesikia, asipopona mwasema ni mapenzi yake. Tofauti iko wapi? Swali hili ni la haki, wala tusilikimbie. Twajibu hivi. Aombaye humwendea Mtu aliye huru, ambaye aweza kusema la. Afungaye hirizi hutaka kumshika mwenye nguvu kwa kamba. Sala haimtaji jirani isipokuwa kwa kumwombea mema. Na sala iliyo sahihi haimkatazi mgonjwa hospitali. Yaenda pamoja naye mpaka kitandani. Lakini sala ikiacha mambo haya matatu, basi mjibu wetu amesema kweli. Biblia iliyowekwa chini ya mto pasipo kusomwa, chumvi na maji na mafuta yanayouzwa kwa bei ili yamvunje adui, mahubiri yanayomwambia mtu kwamba mama yake mzazi ndiye aliyemfunga asipate kazi: hayo ni kitunguu kilekile, limebadilishwa jina tu. Tena ni mabaya kuliko kitunguu, kwa sababu kitunguu hakikuitwa kwa jina la Bwana.

Neno jingine lajibiwa na wenye huruma: Mwacheni mama maskini. Amezika watoto wawili. Zahanati iko mbali. Usiku ni mrefu. Punje moja ya kitunguu yamtuliza, yawadhuruni nini? Neno hili latugusa zaidi kuliko la kwanza. Hofu ya mama si mchezo, na anayemwondolea mtu fimbo asimpe mkono amemwangusha. Lakini kitunguu hakimtulizi kweli. Kila amwonapo mtu njiani kwamkumbusha kwamba ana adui. Humtenga na wale wale ambao usiku wa manane wangembeba mtoto pamoja naye kwenda zahanati. Hii ndiyo bei yake kubwa: hununua utulivu mdogo kwa kuuza majirani.

Luther mwenyewe alilijua jambo hili. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, na wengi wakakimbia. Yeye alikaa akawahudumia wagonjwa. Mchungaji Johann Hess wa Breslau alikuwa amemwuliza kama Mkristo aweza kukimbia mauti, naye alimwandikia jibu refu. Humo aliwakemea wanaokataa dawa wakijidai kuwa na imani, akisema kwamba wanamjaribu Mungu. Akafundisha kwamba Mungu ameumba dawa na ametupa akili ya kuulinda mwili, na kwamba nyumba ifukizwe na hadhari ifanywe. Lakini alishika zaidi neno hili, kwamba mtu asimwache jirani yake katika shida. Hapo dawa na upendo vyasimama upande mmoja. Mwenye kufukiza nyumba yake ili asimwambukize jirani amefanya dawa. Mwenye kufukiza nyumba yake ili amfukuze jirani amefanya hirizi. Na moshi ni mmoja.

Basi, ndugu wainjilisti, mkikuta mtoto amefungiwa kitunguu, msikikate kwa nguvu mbele ya watu na kumtia mama haya. Aliyekatiwa hukifunga tena jioni, mahali msipopaona. Kaeni naye, mwulizeni kwa upole: Wamwogopa nani? Muuguzi amesemaje? Mtoto akiugua ijapokuwa amefungiwa, utafanya nini? Maswali haya matatu yatamfundisha kuliko hotuba. Kisha mwulizeni kama mtoto hulala katika chandarua, kama amepata chanjo zake zote, na ni nani atakayemsindikiza akihitaji kwenda zahanati usiku. Kama hapana mtu, hiyo si kazi ya mama peke yake. Ni kazi ya usharika, na wazee wa kanisa waipange wazi, nyumba kwa nyumba.

Naye yule ndugu aliyekiacha kitunguu hata katika mchuzi, mwambieni akirudie kwa shukrani. Kukiogopa kitunguu kwa sababu mganga amekishika ni kumkubalia mganga ya kwamba ana mamlaka juu ya viumbe vya Mungu. Kipondwe, kitiwe katika maharage na nyama. Mwenye dawa za shinikizo la damu asiziache kwa ajili yake, na anayengoja kupasuliwa amwambie tabibu wake anachokila. Ngozi ya mtoto mchanga isiguswe nacho.

Na bibi mjane aliye kando ya njia aitwe ndani. Apewe kiti karibu na moto, na mtoto awekwe mapajani mwake, mbele ya macho ya watu wote wapitao.